Mitambo ya upepo juu ya mlima wetu: jinsi ya kupima itakavyobadili mandhari ya kijiji

Siku wageni watakapofika kijijini na kusimika mlingoti mwembamba wenye vikombe vidogo vinavyozunguka kileleni, usisubiri barua. Mlingoti huo unapima upepo, na kwa kawaida kazi hiyo huchukua mwaka mzima au zaidi. Huo ndio muda wako wa kuujua mlima wenu unavyoonekana leo, kabla hujaletewa picha ya utakavyoonekana kesho.

Kigoma bado hatuna mitambo ya upepo. Pepo zinazotajwa sana nchini ni za Singida na Makambako, na mradi wa kwanza kufanya kazi Tanzania ni ule wa Mwenga, Mufindi, wenye mitambo 3 inayotoa megawati 2.4. Lakini matuta ya Kalinzi, Manyovu na Heru Juu yana upepo ambao kila mchungaji anaujua. Na hata kama mitambo haitakuja kwetu, njia hizi zinapima vilevile minara ya simu na nguzo za umeme mkubwa, na hizo tayari zinapita.

Nafundisha jiografia. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ilitaka kujenga mnara wa simu kwenye kilima kilicho nyuma ya makaburi yetu. Kwenye mkutano wakatuonyesha picha moja ya A4. Ilipigwa kwa simu, saa saba mchana, mwezi wa Agosti, moshi wa mioto ya nyika ukiwa umefunika kila kitu. Mnara waliouchora juu yake ulikuwa mwembamba kama sindano ya kushonea. Tukakubali, mhuri ukagongwa. Leo tukienda kuzika tunasimama chini yake, na jioni taa yake nyekundu inawaka juu ya misalaba. Hakuna neno la uongo lililosemwa siku ile. Picha ilisema, nasi hatukujua kuipima. Ninayoandika hapa ndiyo niliyotamani kuyajua wakati ule.

Uliza urefu wa ncha

Watakuambia mnara ni mita 80. Huo ni urefu wa mahali mapanga yalipofungwa. Wewe uliza ncha ya panga inafika wapi likisimama wima. Kama kila panga lina urefu wa mita 40, ncha inafika mita 120, na hiyo ndiyo namba utakayoitumia kila mahali katika mwongozo huu. Omba pia idadi ya mitambo, mahali halisi pa kila mmoja kwa vipimo vya GPS, upana wa duara la mapanga, njia ya nyaya na ramani ya barabara.

Barabara husahaulika, na kwetu ni kosa kubwa. Panga la mita 40 halibebwi kwa fuso. Linahitaji trela refu, kona pana na uwanja uliosawazishwa wa kusimamisha kreni. Ukichimba hivyo kwenye mteremko wa udongo mwekundu unaacha kovu linaloonekana mbali sana, hasa baada ya mvua wakati majani yote ni ya kijani. Nimeona mlima ambao mnara wake huuoni mpaka uelekezwe kwa kidole, lakini barabara yake unaiona ukiwa bado ndani ya basi.

Chora ramani ya nani ataona

Mwenye kompyuta apakue programu ya ramani iitwayo QGIS, ni ya bure, pamoja na data ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa chombo cha anga za juu Februari 2000. Ndani yake kuna kifaa kinachokokotoa sehemu zinazoonekana kutoka nukta moja. Ufanye mtambo uwe mtazamaji mwenye macho kwenye mita 120, na mtu awe kitazamwa chenye mita 1.5. Kila mahali patakapopakwa rangi, mtu akisimama pale ataona walau ncha. Kisha rudia kwa mita 80. Tofauti ya ramani hizo mbili inakuonyesha wanaoona ncha za mapanga tu zikichungulia nyuma ya tuta. Usiwadharau hao, kwa maana panga linalotokea na kupotea, likatokea tena na kupotea, huvuta jicho kuliko mtambo mzima uliosimama wazi.

Ramani isiishie mipaka ya kijiji. Kwa mtambo wa mita 120, chora duara linalofika kilomita 35 kila upande wa mtambo. Ndicho kipimo kinachotumika Uskoti, walikozoea kazi hii.

Data ya SRTM imeigawa ardhi katika vyumba vya mita 30 kwa 30, kwa hiyo tuta jembamba linaweza kupotea ndani yake. Ndiyo maana ramani ikaguliwe kwa miguu. Mpeleke kijana mahali mtambo utakaposimama, akiwa na kioo cha dirishani na simu. Wewe nenda mahali unapotaka kupima, mpigie, amulike kioo kuelekea kwako. Ukiona mmweko, basi unaona shina la mtambo, na mtambo wote utauona. Kama uko magharibi ya mlima, mfano Ujiji au Mwandiga, fanya hivyo alasiri, jua likiwa mbele ya mwenye kioo. Kama uko upande wa Kasulu, fanya asubuhi. Asubuhi mbili na alasiri mbili zinatosha kukagua kijiji na jirani zake, na watoto wa shule watagombania kioo.

Miti usiihesabu kama pazia la kudumu. Ramani ya kwanza iwe ya ardhi tupu, kana kwamba hakuna mti hata mmoja. Msitu unaoficha mtambo leo unaweza kuwa magunia ya mkaa mwakani. Tabora jambo hili ni zito zaidi. Nchi ile ni tambarare, na aliye ndani ya miombo haoni hata jirani yake. Lakini miombo hupukutisha majani kiangazi, na pembeni mwa mbuga au shamba la tumbaku macho yanapita mbali juu ya vichwa vya miti, ambayo mingi haizidi mita 15. Mtambo wa mita 120 utasimama juu ya msitu wote. Kwenye tambarare kama ile kumbuka pia mviringo wa dunia: hukishusha kitu kwa takribani mita 7 kwa umbali wa kilomita 10, mita 27 kwa kilomita 20, na mita 61 kwa kilomita 30. Kwetu, tunaotazama mlima kutoka bondeni, mviringo hauna athari kubwa.

Chagua vituo vya kutazamia kwa kufuata watu

Hapa ndipo kazi ilipo. Ramani inasema mtambo utaonekana kutoka wapi. Haisemi nani yuko pale, amekaa muda gani, anatazama nini. Mtu wa basi kwenye barabara ya Mwandiga–Manyovu ataona mlima kwa dakika kumi. Mkulima wa kahawa ataona kila anaponyoosha mgongo. Aliyejenga nyumba akaelekeza baraza kwenye mlima ataona maisha yake yote.

Siku moja nikiwa na daftari langu nilipita kwa bibi mmoja, mjane, anayekaa peke yake. Baada ya shikamoo na marahaba akanisogezea kigoda, nami nikamuuliza huwa anatazama nini akikaa pale barazani. Akanyoosha mkono kwenye tuta. "Mjukuu wangu, wingu likilala pale kwenye lile bega, sianiki mihogo. Likikaa siku tatu, naandaa mbegu." Nikakaa kitako, nikachora lile bega. Kwenye ramani yangu ya kompyuta nyumba yake ilikuwa kijidoa kimoja chenye rangi kama vijidoa vingine elfu. Tangu siku hiyo sichagui kituo bila kuzungumza na mtu aliye pale.

Chukua vituo nane hadi kumi na viwili. Viwemo mabaraza ya nyumba zilizo karibu zaidi, shule, zahanati, kisima, njia ya gulioni, makaburi, mlango wa kanisa na wa msikiti, na mahali pa matambiko kama wazee watakuruhusu kupaandika. Pale pa matambiko, wao ndio waseme kama picha ipigwe au isipigwe. Kisha toka nje ya kijiji. Mitambo ikijengwa Kalinzi itaonekana na wasioishi Kalinzi: walio mjini Kigoma na Ujiji, na abiria wa boti za kwenda Gombe. Mpaka wa mashariki wa Hifadhi ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, unafuata kilele cha ukingo wa bonde la ufa. Ukisimamisha kitu nyuma kidogo ya kilele hicho, umekiweka juu ya hifadhi machoni pa kila anayepita ziwani, hata kama kipo nje ya mpaka.

Na wavuvi. Wao hakuna anayewauliza habari za mlima, ilhali ndio wanaoutazama usiku kucha.

Piga picha inayopimika

Simu nyingi hupiga kwa pembe pana, na pembe pana husogeza milima mbali. Unahitaji picha inayolingana na ile ya lensi ya milimita 50 kwenye kamera kubwa. Kama huna kamera hiyo, fanya hivi: simika fito mbili uwanjani, zikiachana mita 7.2. Rudi nyuma mita 10 kutoka katikati yake. Shika simu kwa upana, vuta picha hadi fito hizo mbili ziguse kingo za kushoto na kulia. Soma namba ya mvuto iliyoandikwa kwenye kioo cha simu, kwa simu nyingi itakuwa karibu na 2, iandike nyuma ya daftari na usiibadilishe tena mpaka kazi iishe.

Weka simu kwenye stendi ya miguu mitatu au juu ya mti uliokatwa sawa, kimo cha mita 1.5. Kila kituo andika GPS, tarehe, saa, hali ya hewa na upande unaotazama. Pigilia kigingi ardhini pale pale, utakihitaji tena. Picha iwe na kitu unachojua urefu wake, mfano nguzo ya umeme au kenchi la shule.

Kuhusu majira, hapa ndipo tulipoponzwa sisi. Kuanzia Julai hadi mvua zinapoanza, moshi na vumbi hula kila kilicho mbali. Kuna siku nyingi huioni hata milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mvua mbili tatu zikinyesha, hewa inaoshwa na ng'ambo inakuja karibu kama ukuta. Picha za tathmini zipigwe siku kama hizo, asubuhi baada ya mvua, kwa sababu athari hupimwa katika siku ambayo kitu kinaonekana vizuri kuliko zote. Zipige na za kiangazi pia, uziweke kando kwa kulinganisha. Mtu akikuletea za Agosti peke yake, zikatae kwa adabu.

Saa nayo ina kazi yake. Ukiwa Ujiji asubuhi, jua linatokea nyuma ya matuta, na mitambo itakuwa maumbo meusi. Jioni jua linaipiga usoni, ile rangi nyeupe inang'aa. Kwa mtu wa upande wa Kasulu ni kinyume chake. Kila kituo kipigwe mara mbili.

Kipimo cha rula

Nyoosha mkono wako na rula ya mtoto wa shule. Kutoka jichoni hadi kwenye rula ni karibu sentimita 60. Mwombe mtu akupime. Urefu wa mtambo gawanya kwa umbali, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 60. Unapata sentimita ambazo mtambo utachukua kwenye rula yako.

Kwa mtambo wa mita 120: ukiwa mita 500 kutoka kwake, ni sentimita 14.4. Kilomita 1, sentimita 7.2. Kilomita 3, sentimita 2.4. Kilomita 5, sentimita 1.4. Kilomita 10, milimita 7. Ukitaka kuhisi maana yake, pima mwezi mpevu kwa rula hiyo hiyo: ni milimita 5 tu. Kwa hiyo hata kwa kilomita 10 mtambo mmoja unazidi urefu wa mwezi, na hakuna mtu aliyewahi kusema mwezi hauonekani.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenyekiti wa kijiji alijue. Picha ya lensi ya milimita 50 ikichapwa kujaza upana wa karatasi ya A3, yaani sentimita 42, na ukaishika sentimita 58 kutoka jichoni, inaonyesha vitu kwa ukubwa ule ule wa macho. Ndiyo kusema vipimo vya rula na vya karatasi vinakaribiana kabisa. Mtaalamu akileta picha ya A3 ya kituo kilicho kilomita 3 kutoka mtambo, weka rula juu ya karatasi. Mtambo uwe na karibu sentimita 2.4. Ukikuta sentimita 1.2, picha imepigwa kwa pembe pana au imepunguzwa, na unaweza kusema hivyo mbele ya mkutano bila kumtukana mtu.

Mwendo, kivuli na taa

Picha haizunguki. Mlima wetu haujawahi kuwa na kitu kinachozunguka, na jicho la binadamu hukimbilia kinachotembea. Aliye na nafasi aende Mufindi, au avuke hadi milima ya Ngong nchini Kenya, akae nusu saa barazani kwa mtu, kisha arudi awasimulie wenzake. Video ya simu inasaidia kidogo.

Kivuli cha mapanga kikipita dirishani hukata mwanga, ukawaka na kuzima, na ndani ya nyumba hakuvumiliki. Mwongozo wa 2015 wa IFC, shirika lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, unaweka kikomo: kisizidi saa 30 kwa mwaka wala dakika 30 kwa siku mbaya kuliko zote kwenye nyumba yoyote. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, na hilo linarahisisha hesabu. Mchana kivuli kinaanguka karibu na shina. Kinachosumbua ni cha asubuhi, kinachokwenda magharibi, na cha jioni, kinachokwenda mashariki. Jua likiwa nyuzi 10 juu, ambayo ni ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, kama dakika 40 baada ya kuchomoza, ncha ya mita 120 inatupa kivuli hadi mita 680. Kwa mapanga yenye duara la mita 80, hesabu kila nyumba iliyo ndani ya mita 800 upande wa mashariki na wa magharibi. Zilizo kaskazini au kusini kabisa ya mtambo kwa kawaida zimesalimika.

Taa nyekundu za kuonya ndege huamuliwa kwa kanuni za usafiri wa anga, kwa hiyo uliza mapema kama zitakuwepo, ngapi, na kama zitawaka zote kwa pamoja. Usiku wa giza, wakati wa dagaa, ziwa lote la mbele ya Kibirizi linawaka taa kama mji, na nyuma yake mlima ni mweusi. Keti na wavuvi wakirudi alfajiri, uwaulize wanautumiaje weusi ule. Andika majibu yao kwa maneno yao.

Pima uzito, usijumlishe

Kwa kila kituo andika mambo mawili. La kwanza, mtazamaji yuko katika hali gani: anaishi pale, anasali, anazika, anafanya kazi, anapita? La pili, badiliko ni kubwa kiasi gani: sentimita za rula, idadi ya mitambo inayoonekana, kama imekata mstari wa mlima na mbingu au imelala chini yake, na kama ipo katikati ya anachokitazama au pembeni. Kisha amua: athari kubwa, ya kati, ndogo. Eleza sababu kwa sentensi nzima.

Usitafute wastani. Vituo tisa vyenye athari ndogo haviifuti baraza moja iliyoharibiwa. Na tenganisha mandhari na watazamaji. Tuta linaweza kubadilika sura kabisa hata kama ni nyumba tatu tu zinazoliona. Hayo ni maswali mawili, kila moja liandikiwe ukurasa wake.

Waliopenda nao waandikwe. Wapo watakaosema mitambo inapendeza, kwamba ni dalili ya maendeleo, na mara nyingi ni vijana. Ni macho yao, yana haki sawa na ya bibi.

Peleka kwenye mkutano mkuu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira na ushiriki wa wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mpe mtendaji nakala ya kazi yenu mapema, iingie kwenye ajenda na kwenye muhtasari. Picha zibandikwe ukutani siku mbili kabla, rula ining'inie kwa kamba pembeni yake, ili akina mama wanaotoka shamba wapite wapime wenyewe. Anayeona haya kusema mbele ya watu atasema pale ukutani.

Msichanganye na fidia. Kinangop nchini Kenya, mradi wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya wenyeji kuupinga, na ugomvi mkubwa ulikuwa wa ardhi. Mkipima mandhari, pimeni mandhari. Mambo ya ardhi yawe na siku yake.

Kisha ombeni mabadiliko yanayowezekana. Kusogeza mtambo mita 200 kutoka ukingoni mwa tuta kunaweza kuficha nusu ya mnara kwa walio bondeni. Mitambo michache mikubwa wakati mwingine ni afadhali kuliko mingi midogo. Yote iwe ya kimo kimoja na izunguke upande mmoja. Nyaya zifukiwe, barabara ifuate mkunjo wa mlima na kingo zake zipandwe majani msimu huo huo. Miti ya kuficha ipandwe karibu na mtazamaji: mwembe mmoja mita 15 mbele ya baraza unafanya kazi kuliko ekari nzima ya mikaratusi mlimani. Lakini kwanza mwulize mwenye baraza. Yule bibi, mwembe ungemficha mtambo na ungelificha pia lile bega lenye wingu, kwa hiyo kwake ombi liwe kuuhamisha mtambo.

Vigingi msiving'oe. Mradi ukijengwa, mwaka unaofuata, asubuhi baada ya mvua, mrudi kwenye kila kigingi na simu ile ile, mvuto ule ule, mpige tena na kuweka rula.